Sifa ya Mafundi wa Baridi Kuu

Aghalabu watu waliosoma habari za baridi kuu, ile inayokaribia sifuri kamili, yaani nyuzi 273.15 za Selsiasi chini ya kuganda kwa maji, hulikumbuka jina la Profesa Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, na hiyo ni haki yake, kwani ndiye aliyeigeuza heliamu kuwa kioevu tarehe 10 Julai 1908, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Lakini wanaowataja mafundi wake ni wachache mno, na kimya hicho nakiona kuwa dhuluma, maana elimu ile ilisimama juu ya mikono yao kama ilivyosimama juu ya hesabu zake.

Profesa mwenyewe aliijua thamani yao. Mwaka 1901 aliasisi chama cha kuwafundisha vijana ufundi wa ala za kisayansi, nao walivaa makoti ya buluu hata wakaitwa vijana wa buluu. Mitambo ikasimamiwa na Gerrit Jan Flim, na vioo vikawa amana ya Oskar Kesselring.

Mtazame mpuliza kioo kazini. Huushika mrija juu ya mwali wa gesi na kuuzungusha kwa mikono miwili kwa mwendo mmoja, kwani mkono mmoja ukichelewa kioo hupotoka. Pumzi yake huipima, haiachilii ovyo. Kisha huliingiza tumbo la chombo kimoja ndani ya jingine, akayaunganisha mdomoni, na hewa iliyo kati yao ikafyonzwa hata joto likose njia ya kupita. Baada ya hapo huwa hana ruhusa ya kuharakisha, maana kioo kilichopozwa kwa pupa huficha kinyongo, nacho hupasuka siku ambayo hakuna aliyetarajia.

Kwa ufundi huo wa vyombo vya kuta mbili, uliobuniwa na James Dewar jijini London mwaka 1892, na ambao ndio huohuo uliomo katika chupa zetu za chai, mafundi wa Leiden waliviweka vyombo kimoja ndani ya kingine: heliamu katikati, haidrojeni iliyoyeyushwa ikiizunguka, hewa iliyoyeyushwa ikiizunguka haidrojeni, na nje kabisa alkoholi yenye uvuguvugu, ili umande usigande kiooni ukalipofusha jicho. Siku ile ya Julai 1908 kazi ilianza alfajiri; jioni ikaingia bila dalili ya kioevu, mpaka mwenzao mmoja aliyekuja kutazama alipopendekeza chombo kimulikwe kutoka chini, na hapo uso wa kioevu ukadhihirika, ukiwa kiasi cha nyuzi nne tu juu ya sifuri kamili. Miaka mitatu baadaye, katika maabara hiyohiyo, zebaki iliyopozwa kwa heliamu ilionekana kupitisha umeme bila ukinzani wowote.

Leo baridi ya namna ile hupatikana kwa mashine za chuma zinazowashwa kwa kitufe, na sizilaumu. Nalaumu wepesi wetu wa kuwasahau wenye ujuzi. Karakana za vioo katika vyuo zinafungwa, fundi mzee anastaafu bila mrithi, na yale ambayo mikono yake iliyajua, yasiyoandikika kitabuni, yanaondoka naye.

Na heliamu yenyewe, ambayo Kamerlingh Onnes aliikusanya kwa taabu kutoka katika mchanga wa monaziti, tunaijaza katika maputo ya sherehe na kuiachilia, hali ya kuwa ikishapotea hewani hupaa hata ikatoka katika dunia isirudi tena. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba hazina yake ipo ardhini Rukwa, Tanzania. Naomba tusiipokee kwa mkono wa ubadhirifu.

Sifuri kamili haifikiki, hivyo ndivyo kanuni za maumbile zilivyohukumu, lakini mafundi wale hawakulegea hata kidogo katika kazi yao. Sisi tunaopewa kila kitu tayari tumeurithi utukufu wa matunda yao, lakini subira iliyoyazaa tumeiacha ipotee, na hasara hiyo hakuna mashine itakayoilipa.