Chupa Mbili za Kinyama Kimoja

Kinyama cha tezi kikishatolewa shingoni mwa mgonjwa, zimebaki dakika chache za kuamua. Aliyeshika kisu ana chupa ya fomalini mezani. Akikitumbukiza chote humo, kitahifadhika vizuri kwa ajili ya kusomwa, lakini kilichokuwa hai ndani yake kitakufa, na hakuna maabara itakayokiotesha tena. Akikigawa, nusu kwenye fomalini na nusu kwenye maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, amefungua njia mbili, ya kuona na ya kuotesha. Tunapozungumzia fangasi wanaowavamia watu waliodhoofishwa na virusi, macho yetu hukimbilia hadubini. Mimi naanzia kwenye chupa, kwa sababu huko ndiko mengi yanakoamuliwa.

Mkoa wa Kagera una sababu ya kulijali jambo hili kuliko mahali pengi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana huko mwaka 1983. Wenyeji waliuita ugonjwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda, na ng'ambo ya mpaka ukaitwa Slim kwa jinsi ulivyokondesha. Wakati huo kipimo cha kirusi hakikuwepo, ila fangasi alionekana kwa macho: utando mweupe ulimini na kooni. Shirika la Afya Duniani lilipokutana Bangui mwaka 1985 kuweka vigezo vya kuutambua UKIMWI pasipo maabara, utando huo ukawa miongoni mwa dalili, na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi aitwaye kriptokokasi ikahesabiwa kuwa ushahidi tosha peke yake.

Huyo wa mdomoni ni rahisi kumwona. Mgumu ni yule anayejificha ndani ya tezi, ini, uboho na mapafu, akajifanya kifua kikuu. Chukua mtu wa Keza, wilayani Ngara, mwenye VVU, anayepata homa wiki ya tano sasa, amekonda, anakohoa, tezi zimevimba. Daktari atawaza kifua kikuu, na ana haki. Makohozi yatapimwa, na hata yasipoonyesha kitu, dawa zitaanzishwa kwa kukisia. Kama mwenye makosa ni fangasi wa histoplazima, dawa zile hazimgusi. Tena rifampisini iliyomo humo hushusha mno kiwango cha itrakonazoli mwilini, dawa ambayo mgonjwa atakuja kuihitaji ukweli ukijulikana.

Hili si jambo la kuwaza tu. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2012 ulipima damu na mkojo wa wagonjwa 970 waliolazwa kwa homa. Tisa walikutwa na chembechembe za histoplazima. Tisa kati ya 970 hawafiki hata mmoja kwa mia, na mtu anaweza kuipita idadi hiyo bila kugeuka. Linaloniumiza ni hili: hakuna hata mmoja kati ya hao tisa ambaye ugonjwa huo ulishukiwa alipokuwa wodini. Wote waliruhusiwa au walifariki wakiwa wameandikiwa ugonjwa mwingine. Kipimo kile hakikufika kwa waganga wao kwa wakati, na jina lenyewe halikuwa kichwani mwa mtu.

Sasa tukifuate kinyama. Tuseme kimekatwa katika hospitali ya Murgwanza, hukohuko Ngara, na kinapelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Njia ni Biharamulo, Geita, Sengerema, kisha ziwa, ambako mpaka Juni 2025, daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa, gari lilisubiri kivuko. Nusu iliyo kwenye fomalini haidhuriki na safari, almradi dawa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama na mkataji asiwe ameacha bonge nene, kwa kuwa fomalini hupenya polepole, kiasi cha milimita moja kwa saa. Niliwahi kupokea tezi nzima imesokomezwa ndani ya kichupa cha sindano. Juu ilikuwa ngumu, katikati imeoza. Mgonjwa alikuwa amekatwa bure.

Maabara ya patholojia hukausha maji ya kinyama kwa spiriti, hukijaza nta, kisha hukikata vipande vyembamba vya maikroni tatu hadi tano. Ukipanga vipande 200 vya maikroni tano juu ya kimoja, ndipo unapata milimita moja. Rangi ya kwanza ni ile ya kila siku, zambarau na waridi. Inaonyesha vizuri seli za mgonjwa, lakini fangasi mara nyingi hufifia humo kama mtu aliyevaa kitambaa cha rangi ya ukuta. Na kwa mwenye VVU iliyokomaa, hata ule uvimbe mdogo wa duara ambao mwili huujenga kumzingira adui unaweza usiwepo. Seli-walaji, zile za kinga zinazomeza vijidudu, zimejaa wageni, na mwili umenyamaza.

Ndipo inapoitwa rangi ya Grocott ya mwaka 1955, ambayo naiona kuwa moja ya kazi nzuri kuliko zote katika maabara. Ukuta wa fangasi umejengwa kwa sukari ndefu zilizofungamana. Asidi ya kromiki huzichokoza sukari hizo zikawa na uwezo wa kuvuta madini ya fedha. Slaidi huingizwa kwenye mchanganyiko wa fedha ulio moto wa nyuzi 60 hivi, na hapo fundi hawezi kuondoka. Huitoa, huisuuza, huiangalia kwenye hadubini ikiwa bado mbichi, huirudisha. Akiwahi kuitoa, kuta zitakuwa kahawia hafifu na zitampita msomaji. Akichelewa, kila kitu kitakuwa cheusi, hata chembe nyekundu za damu, na msomaji ataona fangasi pasipo na fangasi. Ndiyo maana pembeni huogeshwa slaidi nyingine ya kinyama kinachojulikana kuwa na fangasi. Hiyo isipokolea, hakuna jibu linalotolewa siku hiyo. Mwisho hupakwa kijani. Fangasi wanabaki weusi juu ya kijani, na mpaka wao ni mkali kama wino.

Msomaji sasa hupima. Rula yake imo humohumo kwenye slaidi: chembe nyekundu ya damu ina maikroni saba hivi. Vijiduara vya maikroni mbili hadi nne, vyenye chipukizi lililoshikwa na shingo nyembamba, vimesongamana ndani ya seli-walaji: histoplazima wa kawaida. Vyenye maikroni nane hadi 15, ukuta mnene, vimeungana viwiliviwili kama tarakimu nane: aina ya Afrika, iliyoelezwa mwaka 1952 kutokana na mgonjwa wa Kongo na kupewa jina la Mbelgiji Albert Dubois. Vya ukubwa usiolingana vilivyozungukwa na ute unaokuwa mwekundu kwa rangi ya myusikamini: kriptokokasi. Huyu wa mwisho mara nyingi hahitaji hata kisu, maana kipimo cha damu cha kijiti kimoja humfichua kwa dakika kumi.

Ila slaidi inaweza kudanganya, tena wajuzi. Desemba 1905, daktari Samuel Darling alipasua maiti ya fundi seremala kutoka Martinique aliyefia kwenye ujenzi wa mfereji wa Panama. Viungo vilifanana na vya kifua kikuu kilichosambaa. Kwenye hadubini aliona vijiduara ndani ya seli, kila kimoja na kipete cheupe. Akaamini ni kiumbe mdogo wa jamii ya lishimania aliyevaa ganda, na akampa jina linalotaja ganda hilo. Ganda halikuwepo. Dawa za kuhifadhia zilikuwa zimeusinyaza mwili wa kiumbe ukaachana na ukuta wake, pakabaki mwanya. Mwaka 1912 mtafiti da Rocha Lima alisema huyo ni fangasi, lakini ubishi ulimalizika mwaka 1934, mtafiti mwingine, DeMonbreun, alipomwotesha kutoka kwa mgonjwa aliye hai. Iliyotoa hukumu ni chupa ya pili.

Chupa hiyo ya pili ina masharti yake. Ikae baridi, ifike haraka, na karatasi iseme wazi kwamba fangasi anashukiwa, kwa sababu mbegu ya histoplazima ikishaota inaweza kumwambukiza fundi kwa pumzi, na kwa sababu jibu huchukua wiki nne hata sita. Vilevile kuna fangasi wasiotaka kusagwa. Wimbi la UVIKO-19 la mwaka 2021 lilipowaachia Wahindi zaidi ya 40,000 ule ugonjwa ulioitwa fangasi mweusi, maabara zilikumbushwa kukata kinyama vipande badala ya kukiponda: nyuzi zake pana zisizo na vikuta ndani hupasuka na kufa, na sahani ya kuoteshea hubaki tupu wakati slaidi imejaa.

Januari 2025 Biharamulo ilipopata Marburg, ugonjwa wa homa unaoletwa na virusi, kirusi kilithibitishwa kwanza kwenye maabara tembezi ya Kabaile, ndani ya Kagera, kisha Dar es Salaam. Siku kama zile hakuna kisu kinachopaswa kumgusa mwenye homa kabla ya jibu la kirusi. Lakini nilipendezwa kuona maabara imesogezwa ilipo shida. Fangasi wa Ngara hajawahi kupewa heshima hiyo, ingawa tangu mwaka 2019 kipimo cha chembechembe za histoplazima kimo kwenye orodha ya vipimo muhimu vya Shirika la Afya Duniani.

Wakati kipimo hicho kinasubiriwa, kuna kazi inayowezekana leo katika hospitali za Ngara, Murgwanza au Rulenge, kabla ya chupa zote mbili. Kinyama kikishakatwa, upande mbichi ukaushwe damu taratibu kwa karatasi, kisha ugusishwe kwenye slaidi safi mara tatu au nne, bila kuburuza. Ziachwe zikauke, zichovywe kwenye spiriti ya methanoli, zipakwe Giemsa, rangi ileile inayopakwa kila asubuhi kutafutia malaria. Fundi aliyezoea kuhesabu vimelea kwenye chembe nyekundu ahamie safari hii kwenye seli-walaji kubwa, kwa lenzi ya mafuta. Akikuta vijiduara vingi vimebanana humo, kila kimoja na kimwezi cha zambarau upande mmoja na kipete cheupe pande zote, anaangalia kipete kilekile alichokiona Darling, na daktari wodini anaweza kupata habari zake siku hiyohiyo.