Tia Mkono Katikati

Ukiuliza Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, inaishi kwa biashara gani, utatajiwa mawese na ndagala, yaani dagaa. Nyasi hakuna atakayezitaja. Nami nisingezifikiria, kama si sheria ya Oktoba 2018 iliyoamuru mifugo yote ya Burundi ifugwe ndani na kupiga marufuku uzururaji wake, ikawapa wafugaji miaka mitatu ya kujipanga. Tangu Oktoba 2021 ng'ombe hafuati tena majani. Majani humfuata zizini. Mtoto aliyekuwa akichunga kando ya barabara sasa anabeba mzigo kichwani, na mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa anaanza kuhesabu kiangazi kabla masika hayajaisha.

Majani mengi huuzwa mabichi, mzigo kwa mzigo, yaliwe siku ileile. Ila juu ya mji, kwenye vilima vinavyolitazama ziwa, yuko mzee anayeuza nyasi kavu. Alikulia ukimbizini Tanzania, akarudi na Kiswahili cha Tabora na ufundi wa kufunga marobota kwa sanduku la mbao. Wapo wanaomwona mtu wa ajabu kidogo, kushughulika hivyo na majani. Mimi namwona fundi, na kama kuna fundi Rumonge ambaye kazi yake yote huamuliwa na saa mbili tatu za mwaka, ni huyu.

Shida ya kwanza ni kalenda. Nyasi hufaa kukatwa zinapoanza kuchanua, vichwa vichache tu vikiwa vimetokeza. Zikiachwa zikomae, shina hugeuka kijiti na protini hupungua, ng'ombe anabaki kutafuna tu. Lakini nyasi za masika huchanua mvua ingali inapiga, na jua la kuaminika ni la Juni na Julai. Kwa hiyo mzee huidanganya kalenda. Mwanzoni mwa Aprili hufyeka shamba zima, ng'ombe wake wakala mabichi, ili machipukizi yafikishe wiki saba au nane mvua inapokata. Mwaka ambao mvua inachelewa kukata, hesabu inavurugika, naye hana la kufanya ila kungoja na kuangalia mawingu ya upande wa Kongo.

Nyasi zenyewe ni wenyeji kuliko sisi. Brachiaria ruziziensis imepewa jina la bonde la Ruzizi, mto uleule unaoingia Ziwa Tanganyika kwa kaskazini, karibu na Bujumbura. Ni laini, ina majani mengi, hukauka upesi kuliko matete. Imesafiri mbali: Thailand wakulima wa vijijini hulima mbegu yake kwa biashara, na mwaka 1988 watafiti wa kituo cha CIAT nchini Kolombia waliipandanisha na jamaa yake, Brachiaria brizantha, mpaka ikapatikana Mulato; dada yake, Mulato II, leo huletwa Afrika Mashariki ikiwa mbegu ya kununua dukani. Mzee nilipomweleza habari hiyo hakushangaa hata kidogo. Alisema kitu kizuri hakikosi mchumba.

Hukata umande ukishakauka, hakati alfajiri kamwe. Mundu hupita kiganja kimoja juu ya ardhi: chini ya hapo unaumiza kisiki na kuokota mchanga. Kisha nyasi hutandazwa nyembamba palepale, na kazi inahamia kwenye uma wa mti. Kugeuza kunaonekana kazi ya kitoto, lakini ndimo faida inamopotelea. Jani hukauka kabla ya shina, na protini nyingi iko kwenye jani. Ukigeuza saa nane za mchana kwa nguvu, majani yaliyokauka yanapukutika chini, unabaki na mabua. Mzee hugeuza asubuhi, jani likiwa bado na ulaini wa usiku, na hugeuza polepole kwa kuinua na kuachia. Jioni hukusanya vichuguu vidogo vidogo, kwa sababu unyevu wa ziwani ukitua usiku hurudisha nyuma kazi ya mchana kutwa. Asubuhi hutandaza tena. Jua nalo lina ubaya wake: siku likizidi, rangi ya kijani inaondoka, na vitamini zinaondoka nayo. Nyasi nzuri kavu bado ni ya kijani. Ile ya manjano inayosifiwa na wengine kuwa imekauka sawasawa imechomwa tu.

Halafu inafika ile saa. Majani mabichi huwa na maji asilimia 80 hivi, na ya kuweka ghalani hayatakiwi kuzidi 15 hadi 18. Maana yake kilo 100 ulizokata zinabaki kilo 23 au 24, na hapa Rumonge hakuna anayekwenda shambani na kipimo. Mzee huchukua fungu dogo, akalisokota kwa mikono miwili mbele ya sikio lake. Nyasi ikijikunja kimya, bado. Ikikatika yote mara moja, amechelewa. Anachotaka ni mlio wa kukwaruza, mabua machache yakipasuka na mengine yakishikilia. Kisha hukwangua kifundo cha shina kwa ukucha, maana kifundo ndicho cha mwisho kukauka; ukucha ukitoka na ulowevu, anarudisha uma begani bila maneno. Niliwahi kumwona akiwarudisha nyumbani vijana wa kibarua waliokuwa wamekwisha kuja, kwa sababu ya vifundo. Walilipwa nusu siku.

Sanduku halina kitako wala kifuniko. Lina urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45, vipimo vilevile wanavyofundishwa wafugaji wadogo wa Kenya. Hulazwa juu ya ardhi iliyofagiliwa, kamba mbili za katani zikatandikwa kwanza, ncha zikaning'inia nje. Nyasi huingizwa tabaka kwa tabaka, na kijana mmoja, miguu mitupu, anakanyaga, pembe kwanza halafu katikati. Pembe zikiachwa tupu, robota litakuwa na mabega yaliyoporomoka na halitapangika. Likijaa, kamba zinavutwa na kufungwa, sanduku linanyanyuliwa juu, na robota linabaki limekaa lenyewe, kilo 20 hivi. Nadhani ndiyo sehemu pekee ambayo mzee hujiruhusu kutabasamu.

Marobota hayaingii ghalani siku hiyo. Hukaa chini ya paa la wazi siku kadhaa, kwa kuwa robota lililofungwa na unyevu huendelea kufanya kazi ndani kwa ndani: vijidudu vinakula, joto linapanda, ukungu unaanza. Joto likizidi nyasi zinaweza kujiwasha zenyewe, na ghala nyingi duniani zimeteketea hivyo. Kila asubuhi mzee huchomeka mkono ndani ya robota hadi kwenye kiwiko. La moto hufumuliwa na kuanikwa upya.

Ghalani kuna kichaga cha miti, kimeinuliwa na hakigusi ukuta. Somo hilo watu wa ufukweni wanalijua. Ndagala zilikuwa zikianikwa mchangani, zikichukua saa 36 kukauka, hadi mwaka 2004 FAO ilipoanza kueneza chanja za waya zilizonyanyuliwa kama mita moja. Saa zikashuka hadi 8. Hewa ikipita chini, nusu ya kazi imeshafanyika. Miguu ya kichaga huzungushiwa majivu kwa ajili ya mchwa. Marobota hupangwa kama matofali, kiungo cha juu kikikaa katikati ya robota la chini, na vijia huachwa vya kupitisha upepo na paka.

Kuuza kunaanza Agosti, vilima vikishakuwa vya kahawia. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 10 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo robota moja peke yake halifiki siku mbili. Mnunuzi mwenye akili huchanganya na migomba iliyokatwakatwa, majani ya viazi vitamu na mashudu ya mawese, ambayo Rumonge si ya kutafuta. Nyasi kavu peke yake humvusha ng'ombe kiangazi. Maziwa mengi haileti, na mzee huwaambia hivyo kabla hawajalipa. Mizigo hushuka kwa baiskeli, marobota mawili nyuma yamefungwa kwa mpira, na tangu mafuta ya magari yaanze kuadimika nchini hakuna anayeicheka tena baiskeli.

Mizani hakuna. Robota linauzwa kwa idadi, na hapo ndipo wadanganyifu wa biashara hii hukaza kamba nje na kulegeza ndani, au huficha mabua katikati. Nilikuwepo mama mmoja alipofika, akalizunguka rundo mara mbili na kuuliza:

"Mzee wangu, haya umeyafunga na jua au na umande?"

"Tia mkono, mama. Katikati."

Akatia, akanusa vidole, akaanza kubishania bei. Alipewa punguzo dogo, tena kwa shingo upande.

Marobota yaliyoota ukungu huwa yametengwa upande wa mlango, kamba zake zimekatwa ili mtu asiyachukue kwa kukosea. Hayo huyauza kwa wenye migomba kuwa matandazo, kwa bei ya kutupa, na akimwona mnunuzi ana harufu ya zizi humuuliza kwanza anayapeleka wapi.