Kube 27 ao 15?

Wandugu, kama umeshatafuta kazi, ile karatasi unaijua. Wanakuchorea kube zilizopangwa moja juu ya ingine, ao wanakupa sura tatu tu: ya mbele, ya pembeni, ya juu. Kisha ulizo: "Kube ziko ngapi?"

Mwaka jana ilinikuta. Sura zote tatu zilikuwa mraba wa 3 kwa 3, umejaa. Mimi nikaandika: "Kuanzia 15 mpaka 27." Mwenye kusahihisha akatia msalaba. Alitaka 27.

Sasa tuhesabu, bila hasira. Chora ile sura ya juu, viwanja tisa, na ndani ya kila kimoja andika urefu wa mnara unaosimama pale. (Njia hii inapita kufunga macho na kugeuza vitu kichwani. Jaribu, utaona.) Sura ya juu inadai kitu kimoja: kila kiwanja kiwe na kube, hata moja tu. Ya mbele inadai kila safu inayoenda nyuma iwe na mnara mmoja wa 3. Ya pembeni inadai vilevile kwa safu zinazokata zile. Basi weka 3 katika viwanja vitatu, toka kona mpaka kona, na 1 katika sita vinavyobaki. Tisa na sita, 15. Ukisimama mbele, ukuta umejaa. Ukienda pembeni, umejaa pia. Nyuma ni wazi tupu!

Hata ile mistari ya nukta-nukta tuliyofundishwa katika desen tekniki, ya kuonyesha kilichofichika, haitusaidii hapa. Yote inaanguka juu ya mistari inayoonekana.

Sikatai hii michezo. Mwashi anayesoma plani ya nyumba anafanya kazi hiyo hiyo. Ninachokataa ni ulizo lenye majibu kumi na tatu linalopewa pointi kwa jibu moja. Lingekuwa na neno "kwa wingi" ao "kwa uchache", basi, limepona. Bila lile neno wanapima kama unaweza kukisia mawazo ya mwenye kuuliza.

Rafiki yangu aliandika 27. Leo yeye iko kazini, mimi ningali natembeza dosie. Nilipomwonyesha hesabu yangu alicheka: "Si ungeandika tu wanachotaka?" Kisha akachukua kalamu ajaribu mwenyewe. Akafika 17, tukafuta, tukaanza tena.