Namba za Kongosho

Nkoroi, jirani ya Ongata Rongai, ni mtaa wa kuta na mageti, na nyuma ya mageti mengi kuna mbwa wa ulinzi. Jeman shepadi anapendwa sana kwa kazi hiyo. Bahati mbaya, ndiye pia ambaye kongosho lake huelekea kusinyaa akiwa bado kijana.

"Anakula kunishinda, daktari, na mbavu ndizo hizo," asema mlinzi aliyemleta.

"Leo amekula, mzee?"

"Hajagusa kitu tangu jana jioni."

Daktari anaridhika. Kipimo anachokitaka huhitaji mbwa aliyefunga kwa saa 12 hivi. Ila hakimbilii damu. Wengi hapa huanza na flajili na kumwachia Mungu. Yeye huanza na kinyesi. Anakifungua, anatazama rangi: manjano iliyofifia, laini, kingi kupita kiasi, kinang'aa mafuta. Anachota kiasi cha gramu 3, anakivuruga kwenye maji yaliyokolezwa chumvi, anakichuja, anamimina kwenye tyubu mpaka maji yavimbe juu ya ukingo, kisha analaza kioo chembamba juu yake. Dakika 15 anangoja mayai yapande. Chini ya hadubini anapita slaidi kwa mistari, kushoto kwenda kulia, anashuka, anarudi. Hakuna yai la safura. Anaandika, kwa kuwa kutoona kitu nako ni jibu.

Ndipo anakuja kwenye damu. Ananyoa kiraka shingoni, anapangusa kwa spiriti, anabana mshipa kwa kidole gumba hadi utune. Sindano inaingia mara moja. Havuti pistoni kwa nguvu: seli nyekundu zikipasuka, seramu hugeuka ya waridi na kuvuruga vipimo. Damu inateremka polepole ndani ya tyubu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, na tyubu inasimamishwa kwenye kishikio nusu saa nzima. Mlinzi anauliza kama mashine imeharibika. "Inaganda, mzee," anajibiwa.

Baada ya kuzungushwa kwenye sentrifuji, bonge jekundu limelala chini na juu yake kuna seramu safi, ya manjano kama mafuta ya alizeti. Anaizamisha pipeti kidogo tu na kuishusha kadiri seramu inavyopungua. Karibu na bonge anaacha. Tone la mwisho halitamani. Anaandika lebo kabla ya kufunga kifuniko, kisha seramu inaingia kwenye boksi la barafu.

Kuna kipimo kiitwacho TLI. Kongosho zima huvujisha kwenye damu kiasi kidogo cha tripsinojeni, mzazi wa kimeng'enya kinachosaga protini. Kongosho likisinyaa, uvujaji nao hufifia. Kwa kawaida mbwa huwa na mikrogramu 5.7 hadi 45.2 kwa lita. Chini ya 2.5, jina la ugonjwa limepatikana. Mashine ya hospitali ya watu haisaidii, kwani kingamwili za kipimo lazima ziitambue tripsini ya mbwa hasa, kwa hiyo seramu husafiri hadi maabara yenye kipimo hicho.

Majibu yanaporudi, anayasoma yote pamoja. TLI iko chini ya 2.5. Vitamini B12 pia imeshuka, na hilo linaendana: kwa mbwa, kitu kinachoisindikiza vitamini hiyo hadi ifyonzwe mwishoni mwa utumbo mwembamba hutoka zaidi kwenye kongosho. Foleti imepanda, dalili kwamba huenda bakteria wamejaa utumboni wakila chakula kisichosagwa. Albumini haijashuka, kwa hiyo protini haivuji kupitia ukuta wa utumbo, na shaka ya ugonjwa mwingine mkubwa inapungua. Hapo tu ndipo anapoandika dawa: unga wa vimeng'enya vya kongosho katika kila mlo, maisha yote, na sindano ya B12 kila wiki kwa wiki 6, nyingine baada ya mwezi, kisha mwezi mmoja baadaye damu itolewe tena.

"Na siku hiyo pia asile, mzee," anamwambia mlinzi, akiandika tarehe kwenye kadi.