Hujafunga Lango, Mbuzi Zimetoka

Juma lililopita nilialikwa katika shule moja mjini Isiolo kuzungumzia istilahi za teknolojia. Nilikwenda na orodha yangu: tarakilishi, kipakatalishi, kishikwambi, wavuti, kivinjari. Wanafunzi wakaitikia kwa pamoja, wakanakili. Nikadhani nimefunza.

Baada yangu akaingia mwalimu wao wa tarakilishi. Hakuwa na orodha. Aliwaketisha wanne wanne kwa kila mashine, akawaagiza watengeneze ukurasa wa wavuti kuhusu mifugo ya kwao. Intaneti haikuwapo na wala haikuhitajika. Ukurasa wa HTML ni maandishi tu, na kivinjari huufungua papo hapo kwenye mashine. Ukitaka neno likoze wino, unalitangulizia alama ya kufungua, kisha unalifuatishia ya kufunga.

Msichana mmoja akasahau kufunga. Kuanzia neno "ngamia" hadi chini, ukurasa wote ukakoza wino. Mwenzake akaangua kicheko: "Hujafunga lango, mbuzi zote zimetoka!" (Ngeli sikuisahihisha. Kiswahili kinachowakutanisha Waborana, Wasomali, Waturkana na Wameru sokoni kina kanuni zake, na siku hiyo mwanafunzi nilikuwa mimi.)

Hapo ndipo ninapotukosoa sisi wanaistilahi. Tumebishana miaka na mikaka: ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Orodha zetu zimefurika nomino, ilhali mtoto anayeunda kitu anatafuta vitenzi: funga, bandika, unganisha, hifadhi, rudisha. Waliotafsiri Jambo OpenOffice katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 2004 hawangeweza kulikwepa hilo, kwa sababu menyu ya programu humwambia mtu la kufanya.

Mtaala wa umilisi umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na vishikwambi vilianza kugawiwa darasa la kwanza mwaka wa 2016. Sawa. Lakini kuteleza kidole kiooni ni kusoma cha mwenzako. Asiyewahi kuunda ukurasa atajuaje kuwa unaweza kudanganya?

Yule msichana alikwisha kufunga lango lake. Akaandika, kwa wino uliokoza, kwamba ngamia wa babu yake hutoa maziwa lita mia moja kwa siku. Kivinjari kikaonyesha vilevile, bila kusita. Akaduwaa.

"Mwalimu, kwani hata zile za kwa simu ni mtu tu ameandika?"

"Ni mtu tu."

Akafuta mia moja, akaandika tano.