Jedwali halipo: lawama kwa msaada unaoshindwa kimyakimya

Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Ushongo wilayani Pangani, ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa wakitaga pale, wahifadhi huyahamishia mayai pwani ya Ushongo. Tuseme unaandika programu ya Java ya kuhesabu viota hivyo. Umechagua H2, hifadhidata inayokaa kwenye RAM, na kazi ya kuunda majedwali umeiachia Hibernate. Unawasha, unakutana na: Table "KIOTA" not found.

Mbona, si tuliambiwa yanajiunda yenyewe?

Ujumbe ni mmoja, magonjwa ni manne. Kwanza, H2 ya RAM hufuta kila kitu muunganisho wa mwisho ukifungwa; DB_CLOSE_DELAY=-1 kwenye anwani yake huibakiza hadi programu izimwe. Pili, Spring Boot huwasha create-drop yenyewe, ila ukiongeza Flyway au Liquibase inaacha kazi hiyo bila kukuaga. Tatu, tangu toleo la 2.5, data.sql hutangulia kabla Hibernate haijaunda chochote. Dawa yake ni spring.jpa.defer-datasource-initialization=true. Nne, ukiipa safu jina user, neno ambalo H2 imejiwekea, amri inakataliwa, Hibernate inaandika onyo kwenye logi, halafu safari inaendelea kama kawaida.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Kushindwa si kosa. Kosa ni kushindwa bila kusimama, ukaja kuumia mbele, mbali na chanzo. Kwa hiyo usianze na mstari wa mwisho. Washa spring.jpa.show-sql, tafuta "create table". Haipo? Amri haikutolewa, au imechelewa. Ipo na onyo? Imekataliwa. Ipo salama? Angalia anwani: huenda jedwali liliundwa kwingine au limeshafutika.

Hata ikifaulu, usishangilie sana. Majedwali yamechorwa kutokana na kodi yako mwenyewe, basi lazima vikubaliane. Jaribio hilo halikuambii lolote kuhusu hifadhidata halisi yenye viota vya miaka iliyopita. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, hutumia H2 kwenye majaribio, lakini mabadiliko ya hifadhidata halisi huyapitisha kwa Liquibase. Nawe fanya hivyo, kisha weka validate: jedwali au safu ikikosekana, programu inagoma kuwaka. Afadhali kelele hiyo.