Mwenye, Mwenyewe na Mwenyeji: Nadharia ya Uhuru wa Mtu Binafsi juu ya Ardhi, kutoka Palestina hadi Yanonge

Mwaka 1967, baada ya Vita vya Siku Sita, mwanauchumi wa Kimarekani Murray Rothbard, mzawa wa familia ya Kiyahudi, alichapisha makala juu ya nani alaumiwe kwa vita vya Mashariki ya Kati. Hoja yake haikusimama juu ya dini wala taifa, bali juu ya kanuni moja aliyoirithi kwa John Locke: ardhi isiyo na mtu huwa mali ya yule wa kwanza kuitia jasho lake, na tangu hapo haitoki mikononi mwake ila kwa hiari yake, kwa kuuza, kutoa au kurithisha. Kwa kanuni hiyo, mauzo kama yale ya bonde la Marj ibn Amir, ambalo familia ya Sursock ya Beirut iliwauzia Wazayuni mwanzoni mwa karne ya 20, hayakuwa mauzo halali. Kabaila mwenye hati hakuwa na cha kuuza. Wenye ardhi walikuwa wakulima walioilima.

Mwaka 2016 Walter Block, mfuasi wa Rothbard, akishirikiana na Alan Futerman na Rafi Farber, alianza na kanuni ileile akaishia upande wa pili: Wayahudi wa kale ndio waliotangulia kuilima ardhi hiyo, wakaondolewa kwa nguvu na Warumi, na haki ya aliyenyang'anywa haifi kwa kupita miaka. Mwaka 2024 Hans-Hermann Hoppe, wa mkondo huohuo, alimwandikia Block barua ya wazi ya kumkana.

Nadharia inayotoa hukumu mbili zinazopingana juu ya bonde moja yafaa ipimwe mahali pengine. Makala haya yanaipima Yanonge, ukingo wa kushoto wa mto Kongo, teritwari ya Isangi, magharibi ya Kisangani. Walokele hukaa kando ya maji, wakivua na kuchuuza. Wambole na Wafoma hulima ndani, na samaki hukutana na muhogo sokoni. Shamba hufyekwa, huchomwa, hulimwa mpunga, muhogo na migomba kwa misimu michache, kisha huachwa msitu uurudie udongo. Baadaye jamaa wa ukoo uleule hurudi.

Haki itendeke: hapa nadharia hii ina nguvu ambayo wakosoaji wake wengi hawaitaji. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba ardhi zote tupu ni za dola. Mwaka 1911 Ubelgiji ilimpa William Lever, mtengeneza sabuni wa Kiingereza, mkataba wa kujipatia hadi hektari 750,000 katika maeneo matano ya michikichi. Mojawapo lilikuwa Elisabetha, ambayo leo ni Lokutu, upande wa chini wa mto huohuo. Mwaka 1933 taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliasisiwa, na Yangambi ikawa makao yake. Uhuru haukuigeuza kanuni hiyo. Sheria ya Bakajika ya 1966 na sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ziliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola peke yake. Haki za jamii za vijijini zilisubiri amri ya rais ya kuzifafanua, na miaka 50 baadaye amri hiyo ilikuwa haijatoka. Rothbard angeuliza swali moja tu: dola ililima wapi? Hakuna wakili wa dola anayeweza kulijibu. Swali hilohilo laielekea Israeli, ambako takriban asilimia 93 ya ardhi iko chini ya dola na taasisi zake, na ambako sheria ya 1950 iliziweka mali za Wapalestina waliokimbia chini ya mlezi wa serikali.

Lakini nguvu hiyo yakoma pale panapoulizwa ni ardhi gani iliyokuwa haina mtu. Locke alitazama shamba lililozungushiwa ua. Shamba la Yanonge lililolazwa miaka kumi halina ua wala jembe. Aliyetoka Kisangani kutafuta makala ya kupikia (hapa ni makaa, si maandishi) huona msitu. Kiswahili kina neno linalomsahihisha: mahame. Neno hili latokana na kuhama, yaani linataja waliokuwapo wakaondoka. Waosmani nao, katika sheria yao ya ardhi ya 1858, walikuwa na fungu la mawat, ardhi iliyokufa, neno la ukoo mmoja na mauti yetu. Na mwaka 1921 Waingereza walitoa amri ya kumzuia mtu kuifufua ardhi hiyo bila ruhusa yao. Vijiji vingi vya Palestina vilishika ardhi kwa mushaa, vikigawana upya vipande baada ya muda. Hapo aliyetia jasho mwaka huu si yule wa mwaka ujao, na ukimpa mmoja wao mali yote kwa hoja ya jasho, umewanyang'anya wenzake.

Kasoro kubwa zaidi imo katika msamiati. Nadharia hii inamjua mwenyewe tu, mtu mwenye kitu, awezaye kukiuza. Kiswahili, kwa mzizi uleule wa mwenye, kimezaa pia mwenyeji, na huyu hauzi. Yeye hukaribisha, huonyesha mgeni mahali pa kulima, hujua mpaka uko kwenye kijito gani, na huulizwa kabla mti haujakatwa. Uenyeji haugawanyiki kwa hisa wala haulali kwa kuacha kulima. Block, kwa kudai haki ya miaka elfu mbili, kwa kweli alikuwa anatetea uenyeji kwa lugha ya umiliki. Rothbard alitetea umiliki wa wakulima ambao wenyewe, yumkini, wangejieleza kwa uenyeji. Ndiyo maana hawakusikilizana.

Atakayesema hayo ni mchezo wa maneno na atazame Lubunga, ng'ambo ya Kisangani. Tangu Februari 2023 Wambole na Walengola, waliooana na kulima pamoja kwa vizazi, waliuana kwa ajili ya ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo. Mamia waliuawa, nyumba zilichomwa, maelfu wakakimbilia mjini. Swali la nani alikuwa na haki ya kuitoa ardhi lilidai mwenyewe mmoja, mahali palipokuwa na wenyeji wawili. Tena si kweli kwamba uenyeji ni kondoo: ukikazwa, humgeuza jirani wa vizazi vitatu kuwa mgeni, na Rothbard angekuwa sahihi kumtetea jirani huyo kwa jasho lake. Lakini soko huru lisingewaponya watu wa Lubunga, maana soko lilianza hapo hapo, kwa hati ya kwanza.

Sheria ya 1973 yaagiza uchunguzi kabla ya ardhi ya vijijini kutolewa: watu walioko wahesabiwe, mipaka ikaguliwe, madai ya mdomo na ya maandishi yasikilizwe. Uchunguzi huo huandikwa Kifaransa na kuulizwa kwa Kilingala, Kiswahili au lugha ya kijiji. Karani akiuliza, “Ardhi hii ina mwenyewe?”, mzee wa Yanonge aweza kujibu kwa ukweli mtupu kwamba haina, kwani hakuna mmoja aimilikiye peke yake. Karani huandika: tupu. Akiuliza, “Wenyeji wake ni nani?”, atakaa hapo hadi jioni akiandika majina.